Kisukari Si Maradhi ya Matajiri
(Hotuba iliyotolewa Chang'ombe, Dodoma)



Wapo wasemao kisukari ni maradhi ya wakubwa wenye magari. Si kweli! Uchunguzi wa vijiji 6 vya nchi yetu, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta wagonjwa wasiofika 1 katika kila watu wazima 100. Ule wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta 9. Babu zetu walikula ugali wa uwele na mlenda, wakashinda nyuma ya ng'ombe. Sisi twapanda bodaboda, soda mkononi.

Mtu ana kiu isiyokwisha, anakojoa usiku kucha, anakonda, kidonda cha mguu hakiponi. Nduguze wanasema amerogwa. Akifikishwa hospitali amechelewa, mguu unakatwa. Tone la damu ya kidole lingaliwaonyesha mapema. Mwenye dalili hizo aende kupimwa kesho asubuhi, kabla hajanywa chai.