Maelezo ya zana nayo yapimwe

Novemba 2024 kampuni ya Marekani, Anthropic, ilitoa itifaki ya MCP, inayounganisha programu za akili unde na zana za nje: kalenda, hifadhidata, barua pepe. Kinachosahaulika ni kwamba wakala wa akili unde kwa kawaida haoni kilichomo ndani ya zana. Husoma jina la zana, maelezo mafupi aliyoandikiwa na muundo wa taarifa za kujaza, basi.

Chukua zana ya kuweka miadi. Maelezo yakisema tu "jaza tarehe", wakala akaandika 03/04/2025, hiyo ni tarehe 3 Aprili au 4 Machi? Mteja atafika siku isiyo yake, na lawama zote atatupiwa wakala.

Kipimo kinachotolewa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, hukagua kama modeli, yaani akili unde inayomwendesha wakala, imeita zana sahihi, na kama inajua kutulia pasipo na zana inayofaa. Hilo la pili, kwa maoni yangu, ndilo zito. Ila alama hizo ni za modeli, si za aliyeandika maelezo. Watengenezaji wa zana, badilisheni sentensi moja, rudieni kazi zilezile, mlinganishe matokeo kabla ya kuiachia zana sokoni.