Msichana Aliyeipasua Ngoma

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee, kina mama na vijana wa Chole, Wilaya ya Kisarawe.)

Wazee wangu, mama zangu, nanyi vijana mliojificha nyuma ya mikorosho,

Nimeombwa niseme juu ya vitabu vya upelelezi, na sababu yake naijua. Mzee mmoja wa hapa kamnyang'anya binti yake kitabu akisema: "Bunduki na mapigano yanamfunza nini mtoto wa kike?" Swali hilo ni la haki, nami sitalikimbia.

Kwanza mbio zenyewe. Muhammed Said Abdulla alipotuletea Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, Bwana Msa alivuta kiko chake akafikiri, nasi tukafikiri pamoja naye. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo, na mwendo ukaongezeka. Halafu mwaka 1974, katika Kufa na Kupona, Elvis Musiba akampeleka Willy Gamba Nairobi kutafuta nyaraka za siri za wapigania uhuru zilizoibwa. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, jirani zetu kabisa. Kwa hiyo mbio zile hazikuwa mchezo mtupu. Msomaji alikuwa akikimbilia jambo lililomhusu. Wengi waliojifunza kusoma katika kisomo cha watu wazima walipewa vitabu vya mbolea na usafi. Vitabu vyema, sikatai, lakini sijaona mtu aliyemaliza mafuta ya koroboi kwa ajili ya mbolea.

Sasa huyo msichana. Sote tumesimuliwa hadithi ya binti aliyesahau kombe lake pwani, akarudi peke yake, zimwi likamtia ndani ya ngoma. Likizunguka vijijini likipiga, naye humo ndani anaimba, mpaka wazazi wake wakaitambua sauti, wakamtoa. Hadithi nzuri. Lakini kila nilipoisikia nilijiuliza: je, wazazi wangekuwa shambani siku hiyo?

Binti wa hadithi za mbio anaipasua ngoma mwenyewe. Hilo ndilo linalowakesha mabinti zetu, mzee wangu, wala si bunduki. Na msiniambie ni mambo ya kuigwa ng'ambo. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba mjini Dar es Salaam. Aliingia TANU, na mwaka 1955 akawa kiongozi wa kina mama wake, akasimama kusema mbele ya wanaume wakati wengi waliona ni aibu mwanamke kufanya hivyo. Nani aliyemfungulia ngoma?

Katika vitabu vya Ben Mtobwa yuko Nuru, mwenzake Joram Kiango. Tazameni jina la kitabu kile cha wakati wa Makaburu: Tutarudi na Roho Zetu? Hakuuliza "nitarudi". Msichana naye amehesabiwa katika hatari. Mimi nampenda Nuru, lakini nina lawama. Kesi bado ni ya Joram. Yeye ndiye anayetafutwa shida inapotokea, na uzuri wa Nuru husifiwa kuliko akili yake. Mtunzi akishachoka kueleza macho na kiuno, ndipo humpa kazi. Nataka kitabu ambacho mtu akipotewa, anabisha hodi kwa Nuru, na Joram ndiye anayeambiwa asubiri garini. Huenda mwandishi wake amekaa hapa nyuma ya mikorosho.

Mzee wangu, nakuomba umrudishie binti kitabu chake. Nasikia wewe mwenyewe umefika sura ya sita. Nakala hiyo haina kurasa nne za mwisho, na mabinti watatu wa hapa wameshaandika kila mmoja mwisho wake kwenye madaftari. Nimesoma miisho yote mitatu. Aliye na kurasa zile za kweli asizilete kwanza, mpaka wa nne naye amalize.