Kupima Kabla ya Kusema: Kazi ya Tasnifu katika Uhandisi wa Mitambo





Katika nyumba nyingi hutokea jambo hili. Kijana amekwisha kupata shahada ya kwanza ya uhandisi wa mitambo, na wazazi wanangoja aanze kazi. Mara asema kuwa amebakiwa na miaka miwili ya shahada ya uzamili, na kwamba sehemu kubwa ya miaka hiyo ataitumia katika utafiti na kuandika tasnifu. Mzazi huuliza: Je, karo yote hii ni kwa ajili ya kitabu kimoja kitakachokaa kabatini? Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jawabu. Jawabu lake ni kwamba kitabu ni alama tu ya kazi. Kazi yenyewe ni kumzoeza mtu asinene jambo la mashine ila amelipima, na akisha kulipima asinene zaidi ya kipimo chake.

Adabu hiyo ni ya zamani. Al-Jazari, fundi mkuu wa wafalme wa Diyarbakır, alimaliza mwaka 1206 kitabu chake cha mitambo hamsini, miongoni mwake saa za maji na mashine za kuteka maji. Katika dibaji yake alieleza kwamba elimu ya ufundi isiyohakikishwa kwa vitendo hubaki ikiyumba baina ya ukweli na uongo. Basi mwanafunzi wa leo, katika maabara yake, yumo katika njia ile ile.

Ili jambo lifahamike, na utazamwe mfano ulio karibu na kila mtu, nao ni jiko la makaa. Katika mji wa Kampala nyumba nyingi hupikia makaa, na bei ya gunia huumiza mifuko. Jiko la bati lenye kiuno chembamba na udongo wa kuchomwa ndani yake lilienea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980, nalo lilitokana na mfano wa jiko la Thailand. Mwanafunzi aweza kuuliza: Je, udongo ukizidishwa unene, makaa yatapungua? Hilo ndilo swali la tasnifu. Swali dogo lenye mipaka humfaa kuliko swali kubwa lisilo na mwisho. Mwenye kutaka kutatua shida ya nishati ya Afrika nzima katika miaka miwili hatatatua hata ya jiko moja.

Kwanza husoma yaliyoandikwa na waliomtangulia, asije akatumia mwaka mzima kutafuta kilichokwisha kupatikana. Na kila alichokichukua kwao humtaja mwenyewe, kwani kuficha ni wizi. Kisha huhakikisha vyombo vyake. Mizani hujaribiwa kwa uzito unaojulikana, na kipimajoto hujaribiwa katika maji yachemkayo. Hapo penyewe pana fundisho. Kampala iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,200 hivi, na huko maji huchemka karibu na digrii 96, si 100 kama pwani. Mwenye kungoja digrii 100 atateketeza makaa yake yote, na digrii hizo hazitafika.

Ndipo huja hesabu. Mathalan, kilo 5 za maji zimepashwa moto kutoka digrii 24 hadi 96. Kila kilo huhitaji kilojuli 4.19 hivi ili ipande digrii moja. Basi maji yamepokea kilojuli 1,508. Ikiwa yameungua makaa gramu 200, na kila kilo ya makaa hayo ina kilojuli 29,000, moto umetoa kilojuli 5,800. Kwa hiyo, mbali na joto lililokwenda na mvuke, ambalo nalo huhesabiwa, maji yamepata sehemu 26 tu katika 100. Zilizobaki zimepotelea hewani, ubavuni mwa jiko na katika sufuria yenyewe.

Lakini jaribio moja si ushahidi. Upepo hubadilika, na makaa yenye unyevu huungua mbali na makaa makavu. Kwa hiyo jaribio hurudiwa, na kila jambo huandikwa siku ile ile, kwani wazee wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme jiko la zamani limetoa sehemu 24, 27 na 30, na jiko jipya 25, 28 na 31. Wastani wa jipya umezidi kwa sehemu moja tu, hali majaribio ya jiko lile lile yanatofautiana kwa sehemu sita. Hapo mwanafunzi hana haki ya kusema kwamba jiko lake ni bora.

Huo ndio mtihani mkubwa, nao humjia hali yupo peke yake, usiku, na daftari mbele yake. Akiifuta ile 25, jiko lake litang'aa, na huenda asijulikane kamwe. Lakini fundi atakisoma kitabu, atanunua udongo zaidi na atapandisha bei. Na mama mwenye watoto atatoa fedha yake kwa ajili ya faida isiyokuwapo. Uongo wa tarakimu moja huingia katika majiko ya watu wengi. Mwenye kuandika kwamba unene haukuleta tofauti iliyothibitika hakushindwa. Amewaokoa wenziwe na gharama, na tasnifu yake yaweza kupasi vizuri.

Tena kuna mambo yasiyoonekana kwa kuchemsha maji. Matoke yaliyofungwa katika majani ya mgomba hutaka moto mdogo kwa saa nyingi. Jiko lenye sifa maabarani laweza kuwa taabu kwa mpishi. Na jiko lililobanwa hewa ili lile makaa kidogo laweza kuzidisha gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani viliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Kwa hiyo mtafiti mwema hupima gesi pia, kisha huingia jikoni kuwauliza wapishi.

Mwishowe huandika, msimamizi humsahihisha, na watahini humwita aitetee kazi yake kwa kinywa. Hapo asiyepima hujulikana kwa swali la pili au la tatu.

Basi, wazazi, kijana akirudi likizo msimwulize tu atamaliza lini. Mwulizeni amepima nini, mara ngapi, na matokeo yasiyompendeza ameyaandika wapi. Nanyi vijana, Makerere ilianza mwaka 1922 kwa wanafunzi 14 waliosomeshwa useremala, ujenzi na umekanika. Mkono wa fundi ulitangulia, na kalamu ikafuata, visitenganishwe. Daftari la maabara ni amana, na mwenye kulitunza kwa kweli ndiye atakayeaminiwa kesho kwa boila, kwa daraja na kwa roho za watu.