INJINI INAYOPANDA NA KUSHUKA
Mazungumzo kwa wenye injini ndogo za petroli, Njiru

Mazungumzo ya leo yahusu ugonjwa mmoja wa injini ndogo za petroli ambao wengi wenu mmepata kuusikia kwa masikio yenu, hata ikiwa hamjui jina lake. Injini huwashwa ikashika vizuri. Kisha, pasipo mtu kuigusa, sauti yake hupanda kana kwamba inataka kuruka, hushuka kana kwamba inataka kuzimika, halafu hupanda tena. Huendelea hivyo kutwa, na mwenyewe husimama kando yake asijue la kufanya.

Hapa Njiru injini hizi ni nyingi. Ziko zinazovuta maji kwa ajili ya mashamba ya mboga kandokando ya Mto Nairobi. Ziko jenereta za madukani, karibu na barabara ya Kangundo, zinazongojea siku umeme ukikatika. Tena ziko mashine za kukata nyasi, zile za kusukumwa kwa mikono na zile kubwa ambazo mwendeshaji hukaa juu yake kama aketivyo juu ya trekta. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti ndogo ya Njiru ilikuwa na watu 626,482. Watu wengi namna hiyo wahitaji mboga, maji na taa. Kwa hiyo injini moja ikikosa kufanya kazi, hasara haikomi kwa mwenye injini peke yake.

Hasara yenyewe twaijua. Sukuma wiki isiyopata maji wakati wa jua kali hunyauka upesi. Mwenye pampu humwita fundi, naye fundi asiyekuwa na subira husema, "Kabureta imekufa, nunua nyingine." Mtu hufunga safari hadi Kirinyaga Road, akatoa fedha, akarudi, na pengine injini ikaendelea kupanda na kushuka vilevile. Kumbe ugonjwa ulikuwa chembe ya uchafu iliyo ndogo kuliko punje ya mchanga.

Neno ninalotaka mlishike ni hili: injini inayopanda na kushuka, mara nyingi, ni injini yenye njaa. Inapata hewa nyingi na petroli kidogo. Mwenye kulielewa neno hilo atajua pa kuanzia.

KWA NINI INAPANDA NA KUSHUKA

Petroli haiwaki vizuri peke yake. Lazima ichanganywe na hewa. Kwa uzani, kiasi kinachofaa ni karibu sehemu 15 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli. Kazi ya kuchanganya ni ya kabureta. Ndani yake mna vijitundu ambavyo petroli hupitia: kimoja kikubwa kidogo, cha wakati wa kazi nzito, na kingine chembamba sana, cha wakati wa kazi nyepesi. Katika injini nyingi za pampu, hicho chembamba hakifiki nusu milimita.

Pamoja na kabureta kuna gavana. Jina hili si geni kwenu, kwa maana tangu mwaka 2004 matatu zimelazimishwa kuwa na kifaa cha jina hilo kisichoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa. Lakini gavana ya injini ndogo hufanya zaidi ya kuzuia. Mwendo ukipungua, yenyewe hufungua kilango cha kabureta. Mwendo ukizidi, hukifunga.

Sasa fikirini injini yenye njaa. Inakosa petroli, mwendo unapungua. Gavana inaona upungufu huo na kufungua kilango wazi. Kilango kikiwa wazi, petroli inavutwa kwa kijitundu kikubwa, injini inapata nguvu na kukimbia. Gavana inaona imezidi, inafunga kilango. Petroli inatakiwa tena kupitia kijitundu chembamba, nacho kimeziba, njaa inarudi. Ndiyo maana sauti hupanda na kushuka bila kukoma. Basi gavana si mgonjwa. Inafanya kazi yake, ila chakula hakitoshi.

Jambo hili si jipya duniani. Mwaka 1788 James Watt aliitia injini ya mvuke gavana ya mipira miwili inayozunguka. Baadaye ikaonekana kwamba injini nyingine zenye gavana hazitulii, na mwaka 1868 mtaalamu James Clerk Maxwell akaeleza kwa hesabu kwa nini huwa hivyo. Waingereza husema injini ya namna hiyo "inawinda": yautafuta mwendo wake, yaupita, yarudi nyuma, nayo haiupati.

TAZAMA KAZI KABLA YA KUFUNGUA INJINI

Kabla hujashika spana, jiulize: je, ni injini isiyotulia, au ni kazi yake? Mpira wa kuvutia maji ukiwa na ufa, au chujio lake likiwa nusu majini na nusu nje, kama itokeavyo mto unapopungua, pampu huvuta maji mara moja na hewa mara nyingine. Mzigo huwa mzito, kisha mwepesi, nayo sauti ya injini hufuata. Mtu anaweza kufungua kabureta mara tatu bila faida, na kosa liko mtoni. Chovya chujio chini kabisa, kaza vikaza-mpira, ndipo usikilize tena. Wala usiiendeshe pampu bila maji ndani yake, kwa maana sili zake zitaungua.

MAJARIBIO YASIYOHITAJI FEDHA

Kwanza, injini ikiwa inapanda na kushuka, vuta choki polepole hadi nusu. Choki hupunguza hewa. Sauti ikitulia, umekwisha kupata jibu: petroli ni kidogo au hewa ni nyingi. Ikizidi kuwa mbaya na kutoa moshi mweusi, basi petroli imezidi, na njia ya kutafuta ni nyingine. Anza na kichungi cha hewa kilichojaa vumbi.

Pili, ipe injini kazi. Ikitulia chini ya mzigo mzito na kuanza tena mzigo ukiondoka, shaka kubwa iko katika kile kijitundu chembamba.

Tatu, legeza kifuniko cha tangi. Kifuniko kina tundu dogo la kuingizia hewa, na vumbi la Njiru, la machimbo ya mawe na la malori yake, huweza kuliziba. Hewa isipoingia, petroli haishuki. Injini ikitulia baada ya kulegeza, safisha tundu hilo, na kazi imekwisha.

Nne, zima injini, uiache ipoe. Funga bilula ya petroli, chomoa mpira kwenye kabureta, weka kopo chini, kisha fungua. Petroli yapasa kutiririka mfululizo. Ikidondoka tone kwa tone, tazama kichungi cha petroli na mpira wenyewe. Katika mashine nyingi zile za kukalia, petroli husukumwa na pampu ndogo. Hapo utazame na mpira wa pampu hiyo pia.

Tano, itazame petroli uliyoikinga. Maji hukaa chini kama shanga. Petroli iliyolala miezi mingi hunuka vibaya na kuacha utando kama vanishi ndani ya kabureta. Iko pia petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Uovu huo ulienea hata mwaka 2018 Serikali ikatoza mafuta ya taa shilingi 18 zaidi kwa kila lita, ili wachanganyaji wasipate faida. Petroli ya shaka imwageni katika chombo cha chuma chenye kifuniko, msiimwage mtoni.

KUSAFISHA KABURETA

Ikiwa majaribio hayo yote yaelekeza kwenye kabureta, haikulazimu kununua nyingine. Fanya kazi nje, mbali na jiko na sigara, injini ikiwa baridi. Funga bilula, fungua kikombe cha chini, ukitoe pamoja na boya lake kwa uangalifu. Toa vijitundu kwa bisibisi inayoenea sawasawa, vioshe kwa dawa ya kusafishia kabureta, kisha upulize kwa upepo wa pampu ya mtengeneza magurudumu. Kiinue kila kimoja juu uelekeze kwenye mwanga: lazima uone duara kamili. Usitumie waya wa chuma wala sindano. Kijitundu kikipanuliwa hakirudi kama kilivyokuwa, na injini itakunywa petroli siku zote za maisha yake. Uzi mwembamba wa nailoni, kama ule wa mshipi wa kuvulia, watosha.

Ukirudisha kabureta, itazame gasketi iliyo kati yake na injini. Gasketi iliyopasuka huingiza hewa isiyopimwa, nayo njaa hubaki hata vijitundu vikiwa safi. Ili kuhakikisha, injini ikiwa inanguruma, nyunyiza maji kidogo kwenye maungio hayo, mbali na plagi. Sauti ikibadilika, hewa inapita hapo. Wengine hunyunyiza petroli kwa jaribio hili; huko ni kuuita moto kwa jina lake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi twaweza kusema kwamba asiyebadili gasketi ya karatasi hununua injini.

GAVANA IWE YA MWISHO

Wako watu ambao, wakisikia sauti yapanda na kushuka, huikimbilia springi ya gavana. Huivuta, huikunja, au huifunga kwa waya kusudi sauti ikae juu. Ni kweli, sauti hutulia; lakini injini imekwisha kunyang'anywa mlinzi wake. Injini nyingi za namna hii zimewekewa kikomo cha karibu mizunguko 3,600 kwa dakika. Ikipita sana, mkono wa pistoni huweza kukatika na kutoboa bodi, na vipande vya chuma havichagui wa kumpiga. Kwa jenereta pana hasara nyingine tena. Zilizo nyingi hupaswa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika ili zitoe umeme wa mapigo 50 kwa sekunde, kama wetu wa Kenya. Mwendo ukizidi, taa na vyombo vya nyumbani huungua.

Kwa hiyo, itazame gavana baada ya mengine yote. Safisha nyasi na kutu kwenye vifimbo vyake, uone kwamba vinakwenda bila kukwama. Ikikulazimu kutoa springi, piga kwanza picha kwa simu yako, maana matundu ya kuichomeka ni kadhaa, na kila moja lina mwendo wake. Kuipima upya ni kazi ya fundi mwenye kitabu cha injini hiyo.

KINGA

Nunueni petroli ya kutosha wiki chache tu. Injini ikiwa haitatumika mwezi mzima, funga bilula uiache iendelee hadi ijizime, ili kabureta ibaki tupu. Msiondoe kichungi cha hewa ati injini ipumue vizuri. Hewa itazidi na vumbi litaingia. Wala msiiendeshe injini yoyote ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha, kwa kuwa moshi wake una gesi inayoua bila kunuka.

Mabibi na mabwana, mafundi wa jua kali ni watu wa kuheshimiwa, wala sikuja kuwanyima kazi. Lakini anayemwendea fundi na kumwambia, "Nilivuta choki ikatulia, petroli yatiririka vizuri, gasketi ni nzima," hutengenezewa kile kilichoharibika, hicho tu, naye hulipia hicho tu.