Thumni za Mawingu: Kadi ya Rejea ya Rubani na Istilahi za Kiswahili za Hali ya Hewa



1.0 Utangulizi

Mkazi wa Levolosi, kata iliyo katikati ya Jiji la Arusha, huweza kuamka asubuhi ya mwezi Julai, akatazama kaskazini na asiuone Mlima Meru. Mlima huo, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,560, huwa umemezwa na wingu zito. Mkazi huyo husema, "Leo kuna ukungu," akavaa sweta lake na kwenda kazini. Magharibi ya mji, katika kiwanja cha ndege kilichoko Kisongo, rubani anayetaka kwenda Serengeti hulitazama wingu lilo hilo, lakini hawezi kuishia kwenye kauli hiyo. Kwake yeye maswali ndiyo kwanza yanaanza. Je, jicho linaona umbali gani? Wingu liko futi ngapi kutoka ardhini? Limefunika sehemu gani ya anga? Na taarifa yenyewe ni ya saa ngapi?

Majibu ya maswali hayo hutolewa kwa mstari mmoja wa herufi na tarakimu. Taarifa ya hali ya hewa iliyopo kiwanjani huitwa METAR, na utabiri wa kiwanja huitwa TAF. Msimbo wa METAR ulianza kutumika kimataifa mwaka 1968. Taratibu zake husimamiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, na hapa nchini taarifa hizo hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Kwa kuwa msimbo huo umebanwa sana, marubani, hususan wanafunzi, hubeba kadi ya rejea: karatasi ngumu au ukurasa wa simu unaoorodhesha vifupisho na maana zake.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kadi hiyo ni kamusi, tena kamusi ambayo kosa lake halisubiri toleo la pili. Mnamo Septemba 1999 ndege ndogo iliyobeba watalii iligonga Mlima Meru, na watu wote 12 waliokuwamo walifariki. Kuchunguza chanzo cha ajali ile si kazi ya mtaalamu wa lugha. Kazi yake ni kutambua kuwa, penye mlima kama huo, maana ya neno "wingu" si jambo la mapambo.

2.0 Msimbo na lugha zilizouzaa

Wanafunzi wengi hudhani kuwa vifupisho vyote vya msimbo huu vimetokana na Kiingereza. Sivyo. RA kwa mvua na DZ kwa manyunyu vina asili ya Kiingereza, lakini BR kwa ukungu mwepesi inatokana na neno la Kifaransa brume, GR kwa mvua ya mawe inatokana na grêle, na FU kwa moshi inatokana na fumée. Kwa hiyo hata msemaji wa Kiingereza hulazimika kukariri. Msimbo huu si lugha ya mtu yeyote, na kila jamii ina haki sawa ya kuutafutia kikumbusho katika lugha yake.

Kiswahili kina bahati katika baadhi ya vifupisho. Moshi hufuka, na kitenzi hicho huanza na FU ile ile. Mwanafunzi akishaambiwa hivyo mara moja hasahau. Lakini vikumbusho vya aina hii vina mtego. RA huweza kumkumbusha mtu neno rasharasha, ilhali rasharasha ni mvua nyepesi, na RA ni mvua ya kiasi chochote; wepesi huonyeshwa kwa alama ya kutoa mbele ya herufi, na ukubwa kwa alama ya kujumlisha. Kikumbusho kinachosaidia herufi na kupotosha maana ni afadhali kiachwe.

Vipo pia vifupisho ambavyo mtu huweza kuviruka akidhani ni vya nchi za mbali. VA ni majivu ya volkano. Tangu Septemba 2007 hadi mwaka 2008 Mlima Oldoinyo Lengai, ulioko kaskazini-magharibi ya Arusha, ulirusha majivu angani. Kadi iliyoandaliwa kwa marubani wa ukanda huu haina budi kuipa VA nafasi yake.

3.0 Saa tatu katika mkono mmoja

Tatizo zito kuliko herufi ni saa. Msimbo hutumia saa ya dunia, inayotambulishwa kwa herufi Z. Saa ya Afrika Mashariki imeitangulia kwa saa tatu. Juu ya hayo, Waswahili huhesabu saa kuanzia macheo na machweo. Ichukuliwe taarifa ifuatayo, iliyotungwa kwa ajili ya maelezo tu:

METAR HTAR 150400Z 00000KT 3000 -DZ BR BKN008 15/14 Q1020=

HTAR ni Kiwanja cha Ndege cha Arusha. Tarehe ni 15, na saa ni 0400Z. Saa ya ukutani, kwa mtindo wa saa 24, ni 0700. Kwa Kiswahili ni saa moja asubuhi. Wakati ni mmoja, majina ni matatu.

Hapa ndipo kadi zilizonakiliwa kutoka ng'ambo hupungukiwa. Humwambia rubani ajumlishe tatu ili apate saa ya nchini, na hilo ni sahihi. Hazimwambii kwamba, ili apate saa ya Kiswahili, hana budi kutoa tatu: 0600Z ni saa tatu asubuhi, na 1200Z ni saa tisa alasiri. Hesabu ikikataa, huongezwa 12 kwanza. 0200Z ni saa kumi na moja alfajiri. Jibu likizidi 12 baada ya kutoa tatu, kama kwa 1800Z, hutolewa 12 tena, nayo huwa saa tatu usiku. Rubani akimpigia simu mlinzi wa kiwanja cha mbugani, akaambiwa kuwa mvua ilianza saa tisa, naye akaandika 0900Z, amekosea kwa saa tatu kamili. Kwa hiyo mstari mmoja wa "toa tatu" hauna budi kuwa juu kabisa ya kadi ya Kiswahili.

4.0 Ukungu, thumni na kimo

Katika mfano uliotolewa hakuna upepo, jicho linaona mita 3,000, kuna manyunyu hafifu na BR. Halijoto ni nyuzi 15, na halijoto ambayo mvuke hugeuka umande ni 14. Namba hizo mbili zikikaribiana hivyo, hewa iko karibu kushiba unyevu. Q1020 ni kanieneo ya hewa, ambayo rubani huitumia kurekebisha kipimakimo chake.

Neno ukungu la kila siku hubeba BR na FG kwa pamoja. Msimbo huvitenga kwa kipimo: FG ni pale jicho linapoona chini ya mita 1,000, na BR ni kati ya mita 1,000 na 5,000. Si lazima kubuni neno jipya; inatosha kadi iandike "ukungu mzito" na "ukungu mwepesi", kisha iweke kipimo kando. Istilahi hupata nguvu kwa mpaka wake kuliko kwa ugeni wake.

Kuhusu wingi wa mawingu, anga hugawanywa katika sehemu nane. Kiswahili kina neno thumni, lenye maana ya sehemu moja ya nane, ambalo wazee hulitumia pia kwa sarafu ya senti 50. Basi FEW ni thumni moja hadi mbili, SCT ni tatu hadi nne, BKN ni tano hadi saba, na OVC ni thumni zote nane. Neno lililokuwa sokoni linaweza kupanda angani bila kubadilishwa hata herufi.

Tarakimu zinazofuata ni kimo cha wingu kwa mamia ya futi kutoka usawa wa kiwanja, wala si kutoka usawa wa bahari. Kiwanja cha Arusha kiko takriban futi 4,550 juu ya bahari, na kile cha Kilimanjaro takriban futi 2,930. BKN008 ya Arusha ni wingu lililo futi 5,350 juu ya bahari. BKN020 ya Kilimanjaro ni futi 4,930. Wingu linalosomeka kuwa la juu ndilo lililo chini. Kadi inayosema "kimo cha wingu" bila kusema "kutoka kiwanjani" imeacha neno ambalo lingeweza kuokoa mtu.

5.0 Mipaka ya kadi

Wako watakaosema kuwa lugha ya redio angani ni Kiingereza, na kwamba tangu Machi 2008 matakwa ya kimataifa ya umilisi wa lugha yamekuwa yakitumika; hivyo Kiswahili kinatafuta nini? Jibu ni kwamba hakuna anayependekeza msimbo wenyewe utafsiriwe. Ubaki ulivyo, kwa kuwa usalama wake uko katika kufanana kwake kote duniani. Kinachotakiwa ni maana yake ieleweke katika lugha ambayo mwanafunzi hufikiria kwayo, na ambayo mlinzi wa kiwanja, fundi na abiria huulizia habari kwayo.

Aidha, kadi husaidia kusoma, haiamui. CAVOK, kwa mfano, haifai kufasiriwa "anga safi". Mawingu ya juu yanaweza kuwapo. Kinachokosekana ni yale yaliyo chini ya futi 5,000 au chini ya kimo cha usalama cha eneo hilo, kutegemea kipi ni kikubwa, pamoja na mawingu ya radi na hali nyingine mbaya. Tena, jicho sharti lione kilomita 10 au zaidi. Tafsiri fupi na tamu ingeficha masharti yote hayo.

6.0 Hitimisho

Kamusi kubwa hupimwa kwa wingi wa vidahizo vyake. Kadi ya rubani hupimwa kwa namna kila kidahizo kinavyozuia kosa moja. Wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada ya utafiti hawana haja ya kwenda mbali: wakae na marubani na watabiri wa hali ya hewa, wasikilize maneno yanayotumika, wayapime, na wapeleke mapendekezo yao BAKITA. Mkazi wa Levolosi ataendelea kusema "leo kuna ukungu", na atakuwa amesema kweli. Wajibu wa wanaistilahi ni kuhakikisha kwamba aliyeko Kisongo anayo, katika lugha hiyo hiyo, kweli iliyo kamili zaidi.