Mbuzi wa Toggenburg



Mbuzi huyu asili yake ni bonde la Toggenburg, nchini Uswisi. Ni wa rangi ya kahawia, naye ana mistari miwili myeupe usoni. Katika miaka ya 1990 mabeberu wa jamii hii waliletwa Meru wawapande mbuzi wa kienyeji, ili wana warithi maziwa ya ukoo wa baba na ustahimilivu wa mama.

Lakini tusidanganyike: maziwa hutokana na lishe. Ataka banda kavu, majani ya kutosha na maji safi. Asiyeyaweza hayo asiuze mbuzi wake wa kienyeji. Twashauri wanachama washirikiane beberu mmoja, nao wambadilishe kabla hajawapanda binti zake.