Sindano ya Uchungu na Barafu Yake

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia kunitaka nizungumze, nadhani alitaraji nitasema juu ya bajeti, maana ndiyo kazi yangu. Nimechagua jambo ambalo katika skuli yetu ya wanaume halikupata kutajwa hata siku moja, nalo ni dawa ya kutia uchungu wa kujifungua. Naona wengine mmeanza kutazamana. Nivumilieni, wengi wetu tumepata kukaa kwenye benchi nje ya wadi ya wazazi tukihesabu vigae vya sakafu.

Chini ya ubongo ipo tezi ndogo kama punje ya mbaazi. Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale aligundua kwamba kitu kitokacho kwenye tezi hiyo huufanya mfuko wa uzazi ujikaze. Mwaka 1953 Mmarekani Vincent du Vigneaud akaweza kukitengeneza katika maabara, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Dawa hiyo ni oksitosini, ndiyo sindano ya uchungu tunayoisikia mitaani.

Ina kazi mbili, na watu huzichanganya. Moja ni baada ya mtoto kutoka. Mimba ikishatimia, damu ipitayo kwenye mfuko wa uzazi hufika nusu lita au zaidi kwa dakika. Kondo la nyuma likibanduka, mishipa ile hubaki wazi, na kinachoifunga ni misuli ya mfuko wenyewe kujikaza. Ikilegea, mzazi huweza kufa kabla gari haijapatikana. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri kila mzazi apigwe sindano ya uniti 10 mara tu mtoto azaliwapo.

Kazi nyingine ni kuutia nguvu uchungu uliozorota kabla mtoto hajatoka, kwa dripu inayodondoka pole pole na mkunga akiwa karibu. Hapa dawa ile ile inageuka kuwa ya khatari. Ikizidi, mfuko hujikaza bila ya kupumzika, mtoto hukosa hewa, na mfuko wenyewe unaweza kupasuka. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja ulianza mwaka 2014 utafiti wa wataalamu wa hapa na wa Denmark. Pamoja na wauguzi na madaktari wa wadi waliandika kijitabu cha kutia mfukoni, chenye maelekezo yanayolingana na wadi yenye wazazi wengi na wakunga wachache. Baada ya mwaka mmoja, waliotiwa dripu ya kuongeza uchungu walipungua kutoka 22 katika kila 100 hadi 12, na watoto waliozaliwa wafu kutoka 59 katika kila 1,000 hadi 39. Sisemi ni dripu peke yake. Hata mapigo ya moyo wa mtoto yalisikilizwa zaidi. Lakini mimi mtu wa mahesabu nilishangaa: hali imekuwa njema, na dawa imetumika kidogo zaidi!

Sasa nije kwenye barafu. Dawa hii hutakiwa kuwekwa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8, na joto likizidi hupungua nguvu. Mtakumbuka kwamba kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja nzima ilikosa umeme utokao Bara. Mke wangu, ambaye amenipa ruhusa kusimulia, alijifungua katika giza hilo, kwenye kituo kidogo cha shamba. Mkunga wa pale alikuwa na chupa ya chai, na ndani yake si chai bali vichupa vya dawa juu ya barafu aliyoinunua kila asubuhi kwa wauza samaki wenye jenereta. Mtoto alitoka salama, damu ikakataa kusimama. Mama mkwe alikwishaanza kusoma dua kwa sauti. Mkunga akafungua chupa yake mara ya pili. Mtoto yule sasa ananipita kimo.

Ningependa kuishia hapo, lakini si haki. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa na cheo na meza yangu, lilinijia jalada la kituo kimoja kikiomba friji yake itengenezwe. Lilikosa sahihi moja. Nililiweka pembeni, nikaenda semina, nikarudi, likakaa wiki tatu. Hakuna aliyeniuliza. Sijui vichupa vilivyokuwamo vilipigwa kwa nani, wala vilifanya kazi gani. Kwenye jalada palikuwa pameandikwa "friji" tu, na mimi nikasoma friji ya kuwekea maji ya kunywa.

Mtaniambia zimetoka dawa zisizotaka baridi. Kweli. Viko vidonge vya misoprostoli. Tena kuna kabetosini isiyoharibiwa na joto, ambayo matokeo yake yalitangazwa 2018 baada ya kujaribiwa kwa wazazi karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwamo, ikaonekana haizidiwi na oksitosini katika kuzuia damu. Lakini kabetosini ni ya baada ya mtoto kutoka tu, haifai kuongezea uchungu. Kwa hiyo friji bado tutazihitaji.

Ndugu zangu, humu ukumbini nawaona mafundi wa umeme, watu wa bohari, na wawili wenye karakana za mafriji, mmoja wao tulikaa naye dawati moja. Ninayo orodha ya vituo vinne vya shamba ambavyo friji zake zina matatizo. Wahusika wamekubali tusaidie. Baada ya chakula nitakuwa pale chini ya mwembe na kalamu.